Wiki Saba za Mdogo Wangu

Mwezi uliopita nilipanda kwetu Lushoto kumwona mama. Nilimkuta jikoni anapika makande, na ile harufu ya mahindi yakichemka na maharage ikanirudisha utotoni hata kabla sijamwamkia. Kama nawe umekulia milimani, rafiki yangu, unaijua. Ukungu unaingia mpaka mlangoni, kuni mbichi zinafuka moshi, na watoto wanagombea nani akae karibu na mafiga. Kwetu tulikuwa wawili tu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu sita, na yeye hakuruhusiwa kusogelea moto kwa sababu alikuwa na kifafa.

Mama alikuwa akimchukulia vidonge zahanati, na alipovimeza hakuanguka. Kisha akaja mhubiri mgeni, akafanya mkutano uwanja wa shule, akamwekea mdogo wangu mikono. Jumapili iliyofuata mama alisimama kanisani akashuhudia kwamba mwanawe amepona. Kwetu ushuhuda haukuwa jambo la mchezo. Ukishasema mbele ya usharika kwamba Bwana amekutendea, huwezi kuonekana Jumatano kwenye foleni ya zahanati, maana waliopanga foleni ni walewale waliokupigia makofi. Mama akanipa kopo la vidonge, bado limejaa, nikalitupe chooni.

Sikulitupa. Nilimweleza mwalimu wetu wa sayansi, mtu mbishi aliyekuwa akijibizana na wazee wa kanisa juu ya kila kitu, kuanzia mvua mpaka malaria. Alikuja nyumbani. Mama alimkaribisha chai, akamsikiliza kwa heshima, akamjibu kwamba mwalimu anavijua vitabu na yeye anamjua Mungu wake. Kesho yake mwalimu aliniambia nimpe mdogo wangu vidonge kimyakimya, nisikatishe hata siku moja.

Basi kila jioni mama alipokwenda kukamua ng'ombe, nilikichomeka kidonge ndani ya kipande cha boga, mdogo wangu akakimeza huku akicheka kwa kuwa na siri na mkubwa. Nasema kweli, zilikuwa siku nzuri. Alianza kufuatana nami kukata majani ya ng'ombe, akala plamu mpaka tumbo likamsokota. Mama aliimba kutwa nzima. "Mungu si Athumani," alikuwa akisema kila akimwona anakimbia.

Wiki ya saba mama alishuhudia mara ya pili, na watu wakalia. Mimi mwenye kopo nikalia nao, nikaanza kujiuliza: na kama ni kweli? Darasani mwalimu alikuwa ametuagiza tuoteshe maharage kwenye makopo mawili, moja tukalimwagilia, jingine tukaliacha. Ukitaka kujua jambo, alitufundisha, ondoa kitu kimoja halafu subiri. Nikaondoa vidonge. Sikumwambia mtu, hata mwalimu.

"Dada, leo hunipi?" mdogo wangu aliuliza.

"Leo tunaangalia kwanza."

Siku nne hakuanguka. Nilifurahi mno, kwa sababu nilitaka mama ndiye awe amepatia. Siku ya tano mchana alianguka kwenye bustani yetu ya kabichi bondeni. Akatulia, akaanza tena, akatulia, akaanza tena. Wanaume wanne walimbeba kwa machela kumpeleka hospitali kwa ile njia ya mtelemko yenye utelezi. Alikata roho kabla hawajafika barabarani.

Watu walisema imani ya mama ilitetereka. Mama mwenyewe aliamini hivyo, akafunga kula siku nyingi mpaka akakonda. Mwalimu hakubishana na mtu. Aliniita nyuma ya darasa akaniuliza swali moja tu.

"Ulimpa kila siku?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa, akarudi darasani. Tangu siku hiyo hakuwahi tena kusema jambo kwa ule uhakika wake. Mama mwingine mwenye mtoto wa kifafa alipokuja kumwomba ushauri, nilimsikia akimjibu kwamba hajui. Uongo wangu ndio uliomfikisha pale, nami niliona aibu hata kumwangalia usoni.

Siku hizi mwalimu ni marehemu. Njia ya machela imekuwa barabara, pikipiki zinafika hadi mlangoni, na bustani ya bondeni imeota majani matupu. Mama amezeeka, ana presha, na dawa zake anazimeza bila ubishi. Jioni ile ya makande alipozimeza, alianza kumzungumzia mdogo wangu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

"Mungu alivyomchukua sijaelewa mpaka leo," alisema. "Lakini wiki saba zile alinipa kwa mkono wake mwenyewe, mwanangu. Ndizo zinazonifanya niamini."

Nilifungua mdomo nimwambie. Lakini nikimwambia kwamba mkono ule ulikuwa wangu, itabidi nimwambie pia ulivyoacha. Nikasema amina.