Kidole Kilipoangukia Neno "Ondoka"

Unaniuliza kama uhame au ukae, mwanangu. Iko siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka siwezi kukaa kitini. Nilikuwa mwalimu kijana huko Masalani, mgeni kutoka Mwingi, na moyo wangu haukutulia. Joto lilininyima usingizi. Wenzangu wawili niliokuja nao walikuwa wamepata uhamisho. Jumapili kanisani tulikuwa waumini wachache mno, hata mtu akikosea wimbo tulimjua. Nikikaa nataka kusimama. Nikisimama sijui niende wapi.

Basi nikajizoesha jambo. Kila asubuhi nilifumba macho, nikafungua Maandiko popote, nikatia kidole. Kilipoangukia, nilisema Mungu amenena. Kikinipa neno nisilolitaka, nilirudia. Usicheke, ninyi mna simu zinazowachagulia mstari.

Asubuhi hiyo kidole kikaangukia neno "Ondoka." Nikafunga kitabu upesi, neno la pili lisije likaniharibia furaha. Nikajaza begi, nikashika njia ya mtoni nivuke. Mwalimu mkuu sikumuaga. Nilikuwa na darasa la nane, na mtihani wao ulikuwa mlangoni.

Njiani nikakutana na Halima, jirani yetu muuza maziwa. Akalitazama lile begi.

"Mwalimu, wallahi unahama? Na mtihani ya watoto je?"

Nikamwambia Mungu ameniita. Akageuza uso, akarudi upesi alikotoka. Mgongo wake ulinichoma kuliko tusi.

Kivukoni mtumbwi ulikuwa bado ng'ambo. Nikawa natembea huku na huku. Punde akaja Bibi Rehema, mjane wa Kipokomo aliyenipangisha chumba, mzee wa kanisa letu. Halima alikuwa amekwenda kumwita. Alikuwa anahema, lakini hakunigombeza.

"Mungu amekwambiaje?"

"Ameniambia niondoke, Bibi."

"Hebu nisomee. Ila anzia juu, usianzie penye kidole chako."

Nikatoa kitabu begini, nikasoma kuanzia juu. Kumbe ni ile habari ya nabii aliyeambiwa aondoke aende kwa watu asiowapenda, naye akapanda chombo kukimbilia kwingine. Nami nimesimama ukingoni nangoja mtumbwi!

"Mwanangu," akasema Bibi Rehema, "hiyo ni ramli, umebadilisha vifaa tu. Mganga humwambia mteja analotaka kusikia ili arudi kesho. Mungu si mganga wako."

Mtumbwi ukafika. Mwenyewe akauliza kama napanda. Sitakudanganya, miguu ilitaka. Nikasimama pale hadi abiria wengine wakaanza kunung'unika, ndipo nikabeba begi langu nikarudi shuleni.

Usidhani nilitulia siku hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni Masalani inayonila, kumbe kinachonila nimekibeba mwenyewe. Lakini tangu hapo Bibi Rehema alinibishia mlango asubuhi, tukasoma kidogo, tukianzia tulipoishia jana, hata zile sehemu za majina magumu. Siku nyingine sikusikia lolote, nikaenda kazini nimenuna. Ila polepole nikaanza kujibiwa maswali ambayo sikuwa nimeuliza: namna ya kusema na mtoto mkaidi, namna ya kumwomba Halima radhi kwa jibu nililompa njiani. Watoto walipomaliza mtihani, nikaomba uhamisho kuja Garissa mjini kwa utaratibu wake, nikaaga nyumba kwa nyumba.

Kwa hiyo sikwambii kaa, wala sikwambii nenda. Kuhama si dhambi. Ninalokuusia ni hili: usiliendee Neno ukiwa umekwisha kuamua, unatafuta shahidi tu. Lisome kila siku, hata siku ambayo huna la kuuliza, maana haba na haba hujaza kibaba, na siku ya kiu si siku ya kuanza kuchimba kisima. Likikupinga, usifunue ukurasa mwingine. Kaa hapo hapo, hata kama unatapatapa. Na awepo mtu wa kukuambia, "Anzia juu."

Mungu akutangulie uendako, akupokee urudipo, akupe leo neno la kukutosha leo, na kesho akuamshe ukiwa na njaa ya neno hilo tena. Amina.