Dada Neema kawekewa lenzi ndani ya jicho

Leo mteja wangu kaja Kariakoo bila miwani, nikajua nimekwisha.

Dada Neema wa Magomeni alikuwa haoni mbali, na fremu zake zote kanunua kwenye ubao wangu wa miwani.

Nikamuuliza, "Umepigwa leza?"

"Hapana. Kioo cha mbele cha jicho langu ni chembamba, leza haifai. Wameniwekea lenzi ndani."

Ndani ya jicho, jamani. Nikasogea nichungulie. Sikuona kitu.

"Ukilala unaivua?"

"Haivuliwi. Labda daktari aitoe. Hata siisikii."

Nikaona biashara isife, nikamwambia basi achague miwani ya jua. Akashika fremu ya kijani, akajitazama kwenye kioo, akanigeukia.

"Si ndiyo kama hii uliniambia imenikaa?"

Wazee, zamani akijaribu fremu anavua miwani yake, kwenye kioo haoni kitu. Wa kumtazamia ni mimi. Na mimi sijawahi kumwambia mteja imekukataa.

Leo kajaribu ubao mzima. Kachukua nyeusi, na hiyo imemkaa kweli.

Hivi wewe ungekubali wakuwekee? Kama unafikiria, pitia kwangu kwanza, kabla hujaanza kuona.