Ugoro na Tatu Saba Tano

Kitu chenyewe kilikuwa na urefu wa kidole cha kati cha mwanamume. Ganda la shaba, kichwa cha risasi mbele, na nyuma, karibu na kitako, kijimshipi kilichotokeza nje kidogo. Kwa sababu ya kijimshipi kile na baruti iliyoshindiliwa ndani yake, wanaume niliowapikia waliweza kubishana tangu ugali unasongwa mpaka sufuria zinakauka. Waliita risasi ile tatu saba tano, au magnam wakitaka kujikweza. Walirushiana mate usoni juu ya uzito wake, kasi yake na teke lake begani, wakasahau kwamba mbogo hajawahi kuuliza amepigwa na risasi ya jina gani.

Hayo yalikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, katika pori lililo kati ya Isaka na Masumbwe. Serikali ilikuwa imeamua wanyama wa pori lile wapunguzwe ili mbung'o wakose damu ya kunywa na ng'ombe wetu wasife ovyo. Wakaajiriwa wawindaji, mume wangu akiwa mmoja wao, wakajengewa kambi ya mabanda ya nyasi. Mimi nilipewa kazi ya kupika. Wanangu mapacha niliwaacha kwa mama mkwe, lakini jina la Mama Mapacha nilikwenda nalo.

Kila mnyama aliyeuawa, mkia wake ulikatwa ukaletwa kambini kuwa ushahidi. Mikia ilianikwa kwenye waya mbele ya banda la nyapara wa wawindaji. Aliyerudi bila mkia aliweza kusimulia mpaka koo likauke, hakuna aliyemsikiliza. Aliyerudi na mkia, hata kama alifumba macho wakati wa kufyatua, alipewa kiti.

Nyapara huyo alikuwa ametoka kwenye migodi ya dhahabu ya Geita, na huko alijifunza kusema na watu kana kwamba wote wako chini ya shimo na yeye yuko juu. Ndiye pekee aliyekabidhiwa bunduki ya magnam. Wengine, mume wangu akiwamo, walikuwa na bunduki za kijeshi zilizochoka kama waliozibeba. "Mguse ukucha tu," nyapara alikuwa akisema, huku akiizungusha risasi kwenye vidole. "Ukucha! Amelala. Hii haijeruhi mnyama, hii inaua." Aliyasema hayo asubuhi, mchana na jioni, na aliyasema hata siku alizorudi mikono mitupu.

Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja wa Kisumbwa aliyekulia kwenye gobore. Huyo alidai tatu saba tano ni kelele tupu. Ni nyembamba kwa tembo na nene kwa swala, haijui inataka kazi gani. Inaharibu nyama ya bega mpaka mbwa anaikataa, na mlio wake unawahamisha wanyama wote hadi Kigoma. Gobore lake mwenyewe liligoma kuwaka kila hewa ilipokuwa na unyevu, lakini hilo alilipita kimyakimya.

Wa tatu alikuwa mwenye duka Mhindi wa Isaka, aliyetuletea chumvi, unga na mafuta ya taa kwa lori lake. Alikuwa na bunduki ya aina hiyohiyo na alipenda kuwinda Jumapili. Yeye alisifia kwamba risasi ile inanyooka: unalenga hapa, inapiga hapa, na bunduki moja inatosha kwa kazi zote. Ukimuuliza amepiga nini, alikohoa na kusema juzi alikosa kidogo tu.

Niliwadharau wote watatu kwa usawa. Sikuwa na upendeleo.

Mume wangu hakuwa na maoni yoyote, na hiyo ni moja ya sababu zilizonifanya nimpende. Alifunzwa kuwinda na baba yake, aliyekuwa katika chama cha wawindaji wa tembo cha Wasukuma, na utaratibu wao ulikuwa huu. Mnyama akianguka, usimkimbilie. Kaa chini, toa ugoro, nusa, subiri, nusa tena. Mwache amalize kufa kwa nafasi yake. Kisha mzunguke kwa nyuma, mrushie bonge la udongo, halafu mguse mboni ya jicho kwa fimbo ndefu. Asipopepesa, ndipo utoe kisu cha mkia.

Ugoro huo niliusaga mimi. Nilikausha tumbaku juu ya kigae, nikaitwanga na magadi kidogo, nikaijaza kwenye kikopo cha bati alichokifunga kiunoni. Jioni alipokivua nilikifungua nikatazama. Kikiwa kimepungua, nilijua alikaa chini, na sikuwa na haja ya kumuuliza lolote. Nilitaka jambo moja tu kutoka kambi ile: arudi kwa wanawe akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Mchana mmoja nilikuwa nawapakulia ugali wa mtama na mlenda. Mwenye duka alikuwa amefika na mzigo, kwa hiyo mabingwa wote watatu walikuwepo, na ubishi ulikuwa umechemka kuliko mlenda wangu. Nyapara akanyoosha mkono kumwelekea mume wangu, aliyekuwa anakula.

"Huyu Baba Mapacha hana upande," alisema. "Kesho achukue bunduki yangu akampige mbogo. Akirudi atatuambia ukweli, na kuna mtu atafunga mdomo."

"Aichukue," mzee akajibu. "Mimi nitafuatana nanyi nikaione aibu yako kwa macho."

"Mimi natoa risasi mpya," mwenye duka akadakia. "Za boksi, hazijafunguliwa. Isije ikasemwa zilikuwa za zamani."

Nilimwona mume wangu anatabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Mtu ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza anafikiri nini, leo amefanywa hakimu. Nikauliza, "Na ugoro wake je? Nao umo kwenye mashindano yenu?"

Nyapara alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Shemeji, ugoro ni wa bunduki dhaifu. Kwa hii, ukikaa kunusa utakuta fisi wameshakula!"

Walicheka wote. Mume wangu naye alicheka, kidogo, akitazama sahani yake. Nilimwongezea nyapara chakula, nikamwekea ukoko mtupu.

Asubuhi nilijaza kikopo mpaka ugoro ukawa sawasawa na ukingo. Nilimfungia kiunoni mwenyewe, nikavuta kamba ikaze.

"Baba Mapacha, utakaa chini?"

"Nitakaa."

"Hata kama wanacheka?"

"Gete, kweli, Mama Mapacha! Mimi ni mtoto?"

Bunduki ya magnam ilikuwa begani kwake, inang'aa kwa mafuta, na aliibeba kifua mbele kwa namna ambayo hakuwahi kuibeba ile ya kijeshi. Waliondoka wakifuatana: nyapara mbele anaongea, mume wangu katikati, mzee na gobore lake nyuma anaguna. Mwenye duka alibaki kambini kwenye lori lake akisubiri hukumu.

Jua lilipokuwa limepanda nilisikia mlio mmoja, mzito, ukatikisa pori. Niliacha kupepeta. Mke wa mwindaji anajua kusikiliza, na mlio mmoja ni habari njema. Nilisubiri. Nilipoanza kuamini, nikashika ungo tena, ukaja wa pili. Nilibaki nimekaa palepale na ungo mapajani, nikajua.

Walimleta kwenye machela ya miti na shuka. Paja la kulia lilikuwa limechanwa kuanzia kwenye nyonga, na mguu umelala upande ambao mguu haulali. Alikuwa anapumua. Mkononi alikuwa ameshika mkia wa mbogo, umekatwa nusu kwa kisu na nusu umeng'oka, na vidole vyake havikukubali kufunguka.

Yaliyotokea niliyapata kwao wenyewe, maana hata siku ile hawakuweza kunyamaza. Mbogo alipigwa akaanguka palepale. Nyapara akaruka akipiga kelele, "Nilisema nini! Nilisema nini!" Mzee akasema ni bahati. Nyapara akamgeukia mume wangu: "Leta mkia tumfunge mdomo!" Na mume wangu, hakimu, alimpa nyapara bunduki amshikie, akatoa kisu, akaenda moja kwa moja kama mtu anayekwenda kuchuma mboga. Hakuna aliyekaa chini. Hakuna bonge la udongo lililorushwa wala jicho lililoguswa. Kisu kilipozama kwenye shina la mkia, mbogo alisimama. Nyapara alimmaliza kwa risasi ya pili, lakini kwanza mbogo alipata nafasi yake.

Nyapara nilimtegemea awe mjinga, kwa hiyo hakunishangaza. Yule mzee ndiye ninayemdharau mpaka leo. Miezi yote ile alikuwa akituambia risasi ile ni kelele tupu. Kama aliyaamini maneno yake mwenyewe, angekuwa wa kwanza kumshika mume wangu shati na kumrudisha nyuma. Hakumshika. Alisimama kando, ameegemea gobore, akisubiri kuona nani ameshinda. Hapo ndipo nilipojua kwamba maoni yao hayakuwa na thamani hata kwao wenyewe.

Tulipomlaza bandani nilimfungua kamba ya kiunoni ili apumue vizuri. Kikopo kikaangukia mkononi mwangu, na kwa mazoea nikakifungua. Ugoro ulikuwa sawasawa na ukingo, haujaguswa, alama ya kidole changu ya asubuhi bado iko juu yake. Nililia hapo kwa mara ya kwanza, na nililia kwa hasira.

Nilikuwa bado nakandamiza khanga kwenye jeraha nilipowasikia nje ya banda. Nyapara alikuwa anasema risasi ya kwanza ilitosha kabisa, ya pili ilikuwa ya haraka tu, mnyama alikuwa anakufa. Mzee akasema kama ilitosha mbona mbogo alisimama. Nyapara akasema alisimama kwa sababu alichomwa kisu, hata maiti ungeichoma kisu ingesimama. Sauti zikapanda. Damu ya mume wangu ilikuwa imelowesha khanga mbili, nao walikuwa wanapimana nani ana haki.

Nilitoka. Sikumbuki niliyosema yote, ila nakumbuka nilishika mwiko wa ugali, na nakumbuka nyapara wa migodi alikimbia akauacha ukanda wake. Mwenye duka alileta lori hadi mlangoni, na kwa hilo namshukuru. Lakini kabla ya kuwasha, akiwa ameshika usukani, aliniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, kwa heshima zote, "Mama Mapacha, ile ya kwanza ilikuwa ya ncha laini au ya ncha ngumu?"

Nilimwambia awashe lori au nitaliwasha mimi kwa kiberiti.

Njiani kwenda hospitali ya Shinyanga kichwa cha mume wangu kilikuwa mapajani mwangu, na kila shimo la barabara lilimtoa sauti. Sehemu fulani alifungua macho, midomo ikacheza. Niliinama. Nilidhani anawataja watoto. Nilidhani anataka maji, au anataka kuniaga.

"Ilimwangusha palepale," alisema. "Risasi nzuri sana ile."

Nilimpenda mtu yule kuliko nilivyompenda mtu mwingine yeyote, na kwenye lori lile, kwa muda wa kupita mbuga nzima, nilimdharau kuliko wote.

Hakufa. Alirudi nyumbani na nyonga isiyokunjika na mguu mmoja mfupi, anatembea kwa gongo kutoka mlangoni hadi kwenye kivuli cha ghala, na hapo safari yake inaishia. Mbuzi hakuweza kuchunga. Jembe nilishika mimi, na mapacha walipokua wakashika nami. Mkia nao ulirudi nyumbani. Niliuosha, nikaukausha, nikautia mpini, nao ukawa usinga wa kufukuzia nzi kwenye kidonda chake, kwa sababu nzi walikuwa wengi na kidonda kilichukua muda mrefu kufunga. Ilikuwa kazi pekee ya maana iliyowahi kutoka kwenye ubishi ule.

Wawindaji waliendelea kuja. Kambi ilipovunjwa wengi walipitia kwetu wakienda makwao, na wengine walirudi tena na tena, wakakaa kivulini na kula michembe yangu ya viazi vikavu. "Mwangaluka, mayu," walinisalimu bila kunitazama, kisha wakamgeukia yeye. "Haya, wewe ndiye uliyeishika. Tuambie. Inafaa kwa mbogo, haifai?" Naye alijinyoosha kwenye kiti, akavuta pumzi, akawapa maoni. Alikuwa nayo sasa. Alikuwa nayo mengi kuliko nyapara.

Nami nilipita mbele yao na jembe begani, nikisikia tatu saba tano, ncha laini, ncha ngumu, kasi, teke. Alipomaliza alitoa kikopo, akanusa, akasubiri, akanusa tena, ametulia kabisa, kama baba yake alivyomfunza. Kikopo kilikuwa kinakwisha kabla ya adhuhuri siku hizo. Alinitikisia kikiwa kitupu, nami nikakichukua nikaenda kukijaza.