Hatunaye Madam Tatu, mwalimu wetu wa fizikia

Bado siamini jamani. Jana nimepita mlangoni kwa Form Five nikasimama kabisa, nikitegemea kumwona Tatu ubaoni, vidole vyeupe kwa chaki. Hakukuwa na mtu ubaoni.

Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Madam Tatu ametutoka.

Kwa msiomjua, alikuwa mwalimu wa fizikia kwenye shule yetu hapa Bagamoyo. Alikuwa peke yake, hakuna mwingine. Mimi nafundisha kemia. Meza zetu staffroom ziligusana na chai tulikunywa chupa moja.

Siku aliyoripoti nilimpeleka maabara. Akafungua kabati, akakuta buibui na galvanomita moja, kile kipima umeme chenye mshale. Akacheka mpaka akakaa chini. "Shoga, hii ndiyo lab?"

Wiki hiyohiyo akaenda kwa fundi redio mjini, akarudi na sumaku ya spika mbovu na waya wa feni iliyoungua. Wanafunzi wakausokota ule waya, wakauunga kwenye galvanomita, wakapitisha sumaku katikati, mshale ukaruka. "Madam, imecheza! Imecheza bila betri!" Mkuu wa shule alikuja mbio akidhani kuna moto.

Mtoto akipata kigugumizi kwa sababu ya Kiingereza, alimwambia: "Nieleze kwa Kiswahili, kama unamweleza mama yako. Tuelewe kwanza."

Kulikuwa na binti anaitwa Mwanahawa. Baba yake, muuza samaki, alitaka ahamie masomo ya arts. Tatu alimfuata mpaka nyumbani Mlingotini, nami nikiwa nyuma yake.

"Mwalimu, fizikia ya nini kwa mtoto wa kike?"

"Shikamoo baba. Friza lako la samaki likifa, unamwita nani?"

"Fundi, kutoka Dar."

"Basi niachie huyu, baba. Usije ukamwita mtu wa mbali tena."

Mzee alicheka. Mwanahawa alibaki fizikia.

Halafu sauti ya Tatu ikaanza kukwaruza. Tukasema ni vumbi la chaki. Akanywa tangawizi, akalamba asali, akamumunya karafuu. Nikamwambia apunguze vipindi. Ampe nani?

Ilipofika hatua ya kunong'ona, Form Six walisogeza madawati yote mbele, wakabanana kama wako msibani. Darasa lile lilikuwa na kelele kuliko soko la samaki, lakini kwake hata kiti hakikusogezwa. Mtu akikosea, aligonga ubao kwa kidole. Akipatia, alitabasamu.

Nilikuwa naye hospitali kubwa ya Dar siku daktari alipomwambia. Saratani ya koo. Kikoromeo kitolewe, na kitolewe upesi.

"Nitaongea tena?"

"Si kama zamani, mwalimu. Lakini utaishi."

Akasema atarudi kufanyiwa operesheni Form Six wakishamaliza mtihani. Daktari akavua miwani. "Mama, ugonjwa huu haungoji mtihani."

Njia nzima nilimsema. Nililia, nikamkasirikia. Akaniegemea begani, akaninong'oneza: "Nikiondoka sasa, hawa watoto wanaingia kwenye practical na nani? Wewe na kemia yako?" Akacheka bila sauti. Akaniapisha nisiwaambie. Mama yake alimsihi, kaka zake wakamsihi. Hakutaka kusikia la mtu.

Akafundisha mpaka mwisho. Form Six wakafanya mtihani wao, naye akarudi hospitali. Wakampima upya, wakaona ugonjwa umeshasambaa. Kukata kusingesaidia tena.

Matokeo yalipotoka nilimsomea kitandani. Mwanahawa na wenzake walikuwa wamefaulu vizuri. Tatu alinibana mkono, machozi yakamtoka. Nilidhani furaha hiyo itampa nguvu. Haikumpa.

Mwishoni alikuwa anaandika kwenye simu na kunigeuzia nisome. Siku moja akaandika: "Form Five wamefika wapi?"

Sikuzoea kumdanganya. "Hawajafika popote, Tatu. Hakuna anayeingia."

Aliizima simu, akageukia ukutani. Sikujua nimshike wapi.

Juzi tumemzika kwao baada ya alasiri. Wanaume walipoondoka na jeneza, sisi wanawake tulibaki uani na mama yake. Mwanahawa alikuja kutoka chuo, anasoma uhandisi sasa. Palepale mkekani akasikia shangazi mmoja wa Tatu akisimulia habari ya ile operesheni iliyoahirishwa.

Akanigeukia. "Ni kweli Madam? Alitusubiri sisi?"

"Kweli, mwanangu."

"Mngetuambia! Tungembeba wenyewe tumpeleke! Mimi ningerudia hata mwaka!"

Nilimkumbatia.

Leo ratiba mpya imetumwa kwenye group la walimu. Vipindi vya fizikia vimeandikwa "kujisomea". Form Five wameambiwa anayetaka kubadili masomo abadili mapema. Asubuhi watatu wamekuja kwangu, mabinti wote, kuuliza wahamie wapi. Niliwaambia wasubiri kidogo. Wasubiri nini, sijui. Mwalimu mwingine tulishaomba tangu Tatu akiwa na sauti yake.

Natamani niandike kwamba ulishinda, shoga yangu. Watu hapa chini kwenye comments watakuita shujaa, na wako sahihi. Lakini mimi nilikutaka hai. Nilikutaka staffroom, hata kama ungekuwa unaniandikia kwenye karatasi mpaka tuzeeke.

Allah akurehemu, Tatu. Akusamehe, akufanyie wepesi huko uliko. Kwetu huku ni kugumu.

Lala unono, shoga yangu.