Msumari wa Butiki

Juzi nilipita mtaa wa Kanyosha, nikakuta butiki moja, duka dogo la mtaani, inapakwa rangi upya. Ukutani ulibaki msumari mtupu, nikamkumbuka mama.

Nilipokuwa mtoto, butiki yetu ilikuwa na picha ya rais, kama butiki zote, nami niliamini kabisa kwamba yule ni babu yetu. Alasiri moja redio iliacha kusema, ikawa inapiga muziki tu. Leo najua maana yake ni mapinduzi. Siku ile nilidhani ni sikukuu, nikacheza. Mama hakucheza. Alifunga mlango, akaishusha picha, akaificha nyuma ya magunia yaliyonuka ndagala, wale dagaa wakavu.

"Babu amekosa nini?" nikauliza.

"Nyamaza, mutoto. Bado hatujui kama ametoka ao amebaki."

Kumbe mama hakuwa akimwaza rais hata kidogo. Baba alikuwa kazini mjini.

Jua lilipoanza kuzama tukasikia kikohozi chake uani. Aliingia viatu mkononi, shati limelowa jasho. Mama alimvua shati lile mwenyewe, akalitundika kwenye msumari wa rais, akalitazama huku akicheka na machozi yakimtoka.

"Sasa hii ndiyo picha yetu," akasema.