Pikipiki ya Kuwahi Mvua

Niliondoka Mashimoni, Kibera, kwenda kutafuta pikipiki kwa sababu ya mahindi. Najua ukisikia hivyo utacheka, kwa hiyo ngoja nieleze.

Kwetu Siaya mbegu haiingii udongoni kiholela. Mkubwa wa boma hulala nyumbani na mkewe usiku mmoja, na alfajiri wawili hao hutangulia shambani. Wakishapanda wao ndipo wadogo hufuata. Tangu baba afariki, mkubwa ni mimi. Sisi ni watu wa kanisa, tunaimba na kutoa sadaka, lakini kuna mwaka binamu yetu alimruka kaka yake akapanda kwanza, na mtoto wake akakonda mpaka akafa. Watu wakasema ni chira, laana ya aliyevunja mila. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba mdogo wangu Ochieng, mwenye watoto wanne, hawezi kutia mbegu ardhini kabla yangu, hata mvua inyeshe mpaka vyura waingie jikoni.

Sasa mimi ni seremala wa kuajiriwa, natengeneza vitanda kando ya Barabara ya Ngong. Kazi huisha Jumamosi adhuhuri na huanza Jumatatu asubuhi. Basi la usiku hunifikisha nyumbani Jumapili watu wakienda kanisani, na jioni hiyo hiyo lazima nipande la kurudi. Sasa nitalala saa ngapi na mke wangu Atieno? Msimu uliopita niliomba Jumatatu moja, na tajiri akanipa huku ameninunia. Basi nikakata shauri nipate chombo changu mwenyewe: nitoke adhuhuri, nifike jioni, nilale kwangu, nipande alfajiri, nirudi. Nilikuwa na akiba yangu ya chama cha kuchangishana. Kilichobaki kilikuwa kuchagua.

Jumamosi ya kwanza nilitoka Mashimoni na jirani yangu Wafula, ambaye zamani alikuwa tarishi wa ofisi fulani na alipeleka barua kwa pikipiki mji mzima. Tulipita Woodley, tukafuata Barabara ya Ngong mpaka Dagoretti Corner, tukaingia Kawangware kwa miguu. Jua lilikuwa kali na vumbi limejaa. Wafula alinisomesha njia nzima. Usiangalie rangi, alisema, na usiangalie saa ya kuhesabu kilomita kwa sababu wauzaji huirudisha nyuma.

Mtaa wa Kongo, ndani ya Kawangware, tulimkuta Mzee Wanjohi. Ploti ile ni ya ukoo wake tangu Kawangware ikiwa mashamba. Sasa amejenga vyumba vya mabati safu mbili, na mwisho wa uwanja, karibu na mbuzi wake, ana banda la pikipiki anazonunua kwenye minada. Siku hiyo zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, nyekundu. Ya mwisho ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa, ya Mzungu fulani aliyerudi kwao. Katikati ilisimama nyeupe ya ukubwa wa wastani, ndefu ya miguu, imechubuka tangi. Hiyo, alisema, ilikuwa ya bwana shamba.

"Wewe unataka ya kuenda wapi?" Mzee Wanjohi aliniuliza.

"Nyumbani. Siaya."

"Kila wiki?"

"Mara mbili kwa mwaka. Labda tatu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Mtu anunue pikipiki ya kuenda mara mbili kwa mwaka! Si upande basi?"

Nikamweleza habari ya kupanda. Aliacha kucheka, akatikisa kichwa kwa heshima. Kwao Wakikuyu, alisema, mvua ikishika hata mgonjwa anaamka apande, lakini kila mtu na mila yake.

Wafula alizizunguka zote tatu. "Ouma, hii ndogo itafika Limuru ikilia. Ile kubwa itakufikisha Ulaya, lakini klachi ikiisha ukiwa Kericho, spea utatoa wapi? Utalala hapo nayo kama matanga. Chukua hii ya katikati. Inapanda mlima, hainywi petroli nyingi, na spea zake hata kule kwenu ziko." Kisha akaweka kiganja kwenye injini, akakunja uso. "Lakini hii imewashwa leo."

"Nimeipasha moto kidogo tu, ndiyo iwapokee vizuri," alisema Mzee Wanjohi.

"Injini ya kununua inawashwa ikiwa baridi, mzee. Daktari haletewi mgonjwa amepakwa mafuta. Tutarudi Jumamosi ijayo, na usiiguse."

Niliona ni busara. Mtu masikini hununua mara moja tu, na akikosea amekosea na miaka yake yote ya kujinyima. Jioni ile nilirudi Mashimoni nikiwa na furaha kama niliyekwisha kununua. Nyumbani hakukuwa na simu, na makanga wa basi la kwetu alikuwa ameacha salamu kwa mama muuza maji wa kichochoroni kwetu: mawingu yamekusanyika, shamba limelimwa, mama yangu anauliza nakuja lini. Nami nikamrudishia makanga salamu zangu. Waambie waningoje. Nakuja na pikipiki.

Laiti makanga yule angesahau salamu hizo njiani, kama makanga wengine wanavyosahau.

Jumamosi ya pili, Kawangware tena. Injini ilikuwa ya moto, kwa sababu mteja mwingine alikuwa ameijaribu asubuhi. Wafula alikasirika, mzee naye akakasirika, tukaletewa chai ili hasira zishuke, na siku ikaisha hivyo.

Jumamosi ya tatu tuliikuta baridi kama jiwe. Wafula alikanyaga mara mbili, ikaitika. Sijawahi kusikia sauti iliyonipendeza vile. Niliipeleka mpaka Uthiru na kurudi, upepo ukinipiga kifuani, nikajiona mtu kati ya watu. Lakini Wafula alipoinama nyuma alikuta tairi limelika na mnyororo umelegea.

"Na hili tairi unataka kushuka nalo Kericho kwa mvua?" aliniuliza. "Utakufa, buda. Abadilishe kwanza."

Mzee Wanjohi alikubali. Alikuwa mtu wa haki, sina neno juu yake. Alihitaji juma moja tu kupata tairi la saizi ile.

Wakati tunarudi, mvua ya kwanza ya Nairobi ilitukuta Dagoretti Corner. Watu walikimbilia chini ya vibaraza. Mimi nilisimama kwenye maji, kwa maana nilijua ikinyesha hapa, kule imekwisha kunyesha siku nyingi. Kwa mama muuza maji nilikuta salamu nyingine: mvua imeshika, tunakungoja. Ningeweza kupanda basi usiku ule. Ningefika Jumapili, nilale, nipande Jumatatu, na tajiri aninunie apendavyo. Nilifikiri hivyo nikiwa nimesimama mlangoni. Kisha nikafikiri: kwa nini nigombane na tajiri, na pikipiki yenyewe imebakiza tairi tu?

Jumamosi ya nne nililipa. Tairi lilikuwa jipya, mnyororo umekazwa, na Wafula hakupata cha kulalamikia. Lakini makaratasi ya kuhamisha jina yalitupeleka hadi jioni, na mzee hakutaka mtu aende safari ya mbali na chombo chenye jina lake. Mwisho wa njia nikaisukuma kuingia Mashimoni kwa sababu vichochoro vilikuwa tope tupu. Majirani walitoka kuishangilia. Usiku niliilaza ndani, nikalala kando yake kwa kubanana, kwa sababu chumba ni kimoja.

Jumamosi iliyofuata, adhuhuri, nilifunga begi nyuma nikaondoka. Limuru ilikuwa na ukungu. Nilipoteremka Bonde la Ufa mvua nyembamba ilinipiga usoni na sikujali, kwa sababu chombo kilikuwa kimetulia chini yangu kama punda mzee anayejua njia. Naivasha nilipita bila kusimama. Nakuru nilijaza petroli, nikanywa chai nimesimama, nikaondoka.

Baada ya Nakuru ndipo nilipoanza kuangalia mashamba. Kule juu mahindi yalikuwa yametoka tu ardhini. Nikajipa moyo kwamba mambo bado. Nilipita Kericho katikati ya chai na mvua kubwa, na tairi jipya halikuteleza hata mara moja. Nilimkumbuka Wafula kwa shukrani. Kisha nikateremka kuelekea Kisumu, na mahindi yakaanza kukua mbele ya macho yangu. Ahero yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Baada ya Kisumu yalifika magotini, na wanawake walikuwa wanapalilia. Kila nilivyokaribia kwetu ndivyo yalivyokuwa marefu zaidi, na mimi nikaongeza mwendo, kana kwamba yalikuwa yakishindana nami. Nilitaka kulia. Pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri mno.

Giza lilipoanza kuingia nilikata kona ya nyumbani. Upande wa kushoto wa njia shamba la jirani lilikuwa la kijani, limesimama. Upande wa kulia lilikuwa letu. Lilikuwa jekundu, mitaro ya jembe la ng'ombe imesawazishwa na mvua, na magugu yameanza kuota. Walikuwa wameningoja.

Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu. Watoto waliizunguka pikipiki wakigusa taa. Ochieng aliishika usukani, akauliza inakula petroli kiasi gani, nikamjibu. Alikuwa amekonda. Atieno alinipokea begi bila kunitazama usoni. Mama akatoka jikoni akanishika mikono yote miwili, akaniambia kwa Kijaluo, "Umefika, mwanangu. Tulijua utafika."

Walinitengea chakula peke yangu mezani, kama mgeni. Ilikuwa nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Nilikuwa na njaa ya safari, nikatia kijiko cha kwanza, nikatafuna, na nikasikia ladha ya moshi.

Mahindi ya kula kwetu hukaa ghalani. Yanayoning'inizwa juu ya meko, yakavuta moshi ili wadudu wasiyaguse, ni ya mbegu.

Niliweka kijiko chini. "Mama, haya mmetoa wapi?"

"Kula kwanza."

"Mama."

Ochieng ndiye aliyejibu, akiwa amesimama mlangoni. "Ghala liliisha. Tulikuwa tunakungoja, na watoto wanalia. Tukaanza kuchukua kidogo kidogo. Tulisema Jumamosi hii atakuja. Halafu tukasema ile nyingine."

"Na mbegu ya kwako?"

"Ya kwangu ndiyo tulianza nayo."

Nilikula. Mama alikuwa amesimama pale anasubiri niridhike, ningefanya nini? Nilikula sahani yote, mbegu ya mwaka.

Alfajiri Atieno aliniamsha. Mama alikuwa amebakiza hindi moja, alilificha ili mimi nisikose cha kutangulia nacho. Tulikwenda shambani mimi na mke wangu, mvua ikinyunyiza, tukapanda mstari mmoja mfupi mpaka punje zikaisha. Tukasimama. Atieno akapangusa mikono, akaita upande wa nyumba, kama desturi inavyotaka, kwamba sisi tumekwisha. Ochieng alitoka na jembe begani. Sasa alikuwa na ruhusa. Alifika kwenye mpaka wa sehemu yake, akasimama pale, hana kitu mkononi cha kutia udongoni.

Nililia mbele yake, mtu mzima. Yeye akasema, "Usilie, kaka. Si umekuja?"

Niliondoka kabla ya ibada kwisha. Njia ya kurudi siikumbuki vizuri. Ninakumbuka Kericho, na kwamba pikipiki haikukohoa mahali popote mpaka Kibera.

Jumamosi nyingine niliirudisha Kongo. Mzee Wanjohi aliizunguka, akaikanyaga ikiwa baridi, ikaitika mara ya kwanza.

"Imekuharibikia wapi?"

"Haijaharibika, mzee."

"Inateleza?"

"Haitelezi."

"Sasa mbona unairudisha? Nilikudanganya?"

"Hukunidanganya. Ni nzuri. Ni ya kuaminika kabisa."

Mzee alihesabu noti. Alinipa pungufu ya nilichompa, ndivyo biashara ilivyo, akaisukuma katikati ya ile nyekundu na ile nyeusi.

Msafiri akirudi huulizwa amejifunza nini. Nimejifunza kuchagua pikipiki. Iwe ya wastani, iwashwe baridi, spea zake ziwe zinapatikana unakokwenda, na tairi la nyuma liwe zima. Hayo yote ni kweli na yamenisaidia kufika.

Kutoka Kawangware nilikwenda kwa miguu mpaka sokoni, nikanunua magunia ya mahindi, na jioni nikampa makanga wa basi la kwetu ayapeleke kwa mama. Aliyapakia juu, akauliza kama ni mbegu. Nikamwambia ni ya kula. Wakati wa mbegu ulikuwa umepita.