Ukungu Nilioupaka Rangi

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natazama chini.

Nilikuwa fundi wa mabati hapa Nkubu, kijana, nasifiwa. Nyumba nyingi unazoziona huko chini niliziezeka mimi. Lakini mganga hajigangi. Mvua za mwaka ule ziling'oa bati la nyumba yangu mwenyewe, upande wa chumba cha kulala, maji yakateremka kwenye ukuta wa mbao tuliokuwa tumeubandika katoni kuzuia baridi.

Ningepanda juu mchana, watu wangemwona fundi akiziba nyumba yake inayovuja. Nani angeniita kazi tena? Basi nilingoja jioni, nikapigilia misumari mitatu ya haraka haraka, nikashuka. Katoni ikabaki imelowa. Wiki chache baadaye ukungu mweusi ukatokea nyuma ya kitanda. Umesikia wanavyosema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikaupaka rangi! Ukungu ukarudi juu ya rangi, nikatundika shuka.

Binti yetu Kendi alikuwa na miezi minane. Akaanza kukohoa, kisha kifua kikawa kinapiga filimbi. Nikamlaumu nani? Mke wangu. Nikasema anamfunua mtoto kwenye baridi, na dirisha nikaliziba kwa gunia. Kwenye zahanati, daktari aliuliza kama nyumbani kuna unyevu au ukungu. Nikajibu upesi, "Hakuna, daktari." Mke wangu akanitazama.

Mama mkwe akaja kutoka Kiirua kumwona mjukuu. Wala sikuwa na wasiwasi. Kwetu, mwanangu, mama mkwe haingii chumba anacholala mkwe wake, hata mlango uwe wazi. Anakaa sebuleni, anakunywa chai, anaenda zake. Ile heshima ya wazee wetu nikaifanya pazia langu.

Tukiwa kwenye chai, mke wangu akapiga mayowe kutoka chumbani: Kendi hapati pumzi! Nikainuka, nikasita. Mama mkwe akanipita mlangoni. Akaingia! Akamnyakua mtoto, bega lake likavuta ile shuka ikaanguka, na ukuta wote ukaonekana mweusi kutoka chini hadi dirishani. Harufu ikatupiga sote.

"Baba Kendi," akasema, wala hakupaza sauti, "leo mimi nimeingia chumba cha mkwe wangu. Aibu hiyo nitaibeba. Hii yako utaificha wapi?"

Nilimchukua mtoto tukakimbia hospitali. Daktari alipouliza swali lile lile, mama mkwe akanigeukia. "Mwambie wewe." Nikasema, mbele ya mke wangu, mbele ya watu waliokaa kwenye benchi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio chenyewe kilibaki kidogo tu kifike.

Kendi alinusurika siku ile, lakini kifua hakikupona kabisa. Leo ni mama wa watoto, na hatoki nyumbani bila dawa yake ya kuvuta. Huwasimulia wanawe jinsi babu yao alivyokimbia naye mikononi, na anasimulia kwa majivuno. Hajui kwamba kwanza nilimdanganya daktari. Loo! Sifa hiyo inanichoma kuliko tusi.

Kwa hivyo nisikilize. Maji yakiingia nyumbani, ziba pale yanapotokea, mchana, watu wakikuona, na wakitaka kucheka wacheke. Katoni iliyolowa ing'oe uitupe, ukuta uuache ukauke kabisa, mtoto asilale humo. Dirisha lifunguliwe hata kukiwa na baridi; sweta zipo. Rangi haiponyi ukungu, inaufunika tu. Mtoto akikohoa, usianze kumtafutia mama yake makosa. Na daktari akikuuliza, mwambie ukweli mara ya kwanza, kwa sababu ya pili huenda usiipate.

Jumapili Kendi atakuja kunisalimia. Nitamwambia. Nimekuambia wewe leo ili nijizoeze.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba kavu na watoto wenye pumzi ndefu, na akujalie kuona aibu mapema, ingali bado inasaidia.